Mapafu Anayo, Msafara Ndio Hajauzoea

Kijana wa nyanda za juu, awe wa Asmara, Iten au Musanze, akiitwa Ulaya kushindana kwa baiskeli, sifa ya kwanza anayopewa ni ya mapafu. Kakulia kwenye hewa nyepesi, miguu imekomazwa na milima. Ni kweli, na vipimo vya maabara mara nyingi huthibitisha hivyo. Lakini akiingia mbio yake ya kwanza Ubelgiji, yenye washindani zaidi ya 150, huenda akaachwa kabla hata kilima cha kwanza hakijafika, na huku nyumbani tukaambiana kwamba hakuwa na nguvu. Nguvu alikuwa nazo. Alizimaliza bure kwa sababu hakujua mahali pa kukaa ndani ya msafara, yaani kundi kubwa la waendeshaji wanaokwenda pamoja.

Adui mkuu wa mwendesha baiskeli kwenye barabara tambarare ni hewa. Ukifikia mwendo wa kilomita 40 kwa saa, sehemu kubwa mno ya nguvu zako inaishia kuisukuma, na kadiri unavyoongeza mwendo ndivyo gharama inavyopanda kwa kasi: mwendo ukiwa mara mbili, nguvu ya kupambana na hewa inakuwa mara nane. Ukijikinga nyuma ya mwenzako kwa karibu, unaokoa kama theluthi ya nguvu zako. Mwaka 2018 mtaalamu wa upepo Bert Blocken wa Eindhoven, Uholanzi, na wenzake walichunguza msafara wa watu 121 kwa kompyuta na katika handaki la upepo. Walikuta kwamba waliofunikwa vizuri ndani ya msafara, kuelekea nyuma, wanakabiliwa na asilimia 5 hadi 10 tu ya upinzani wa hewa anaoupata mtu aliye peke yake.

Basi mgeni anasikia hayo na kujiambia kwamba nyuma ndiko kwenye raha. Hapo ndipo anapoumia.

Barabara nyingi za mashambani kule Flanders, Ubelgiji, ni nyembamba. Waendeshaji watano au sita wakienda sambamba, zimejaa. Kwa hiyo aliye nafasi ya 90 yuko mstari wa 15 au zaidi. Chukua kona moja kali. Wa mbele wanaiona mapema, wanagusa breki kidogo, wanatoka nayo bila kupoteza mwendo mwingi. Wa mstari wa pili wanapunguza zaidi kidogo, wa tatu zaidi ya hao, na ikifika mstari wa 15 watu wamekaribia kusimama. Ni kama foleni ya magari taa ikiwaka kijani: wa kwanza ameshaondoka zamani, wewe ndiyo kwanza unaachia breki. Tofauti ni kwamba huku wa mbele hawakusubiri. Lazima usimame juu ya pedali na kukimbia kwa nguvu zote hadi uufikie mkia wa msafara, na ukiufikia, kona nyingine hiyo. Baada ya saa tatu za namna hii miguu imekwisha, ingawa kompyuta ya baiskeli inaonyesha wastani wa mwendo uleule wa aliyeshinda.

Upepo wa ubavuni nao una adhabu yake. Wa mbele hujipanga mshazari kukingana, barabara inakwisha upana, na wote waliobaki nyuma wananing'inia ukingoni bila kinga hadi mmoja anashindwa na wote walio nyuma yake wanakatika pamoja naye.

Kwa nini basi asikae mbele? Kwa sababu wote wanataka kukaa mbele, na nafasi hailindwi kwa miguu. Inalindwa kwa bega, kiwiko na moyo mtulivu. Gurudumu lako la mbele likigusa la nyuma la mwenzako, kwa kawaida wewe ndiye unayeanguka. Kijana asiyezoea anaogopa mguso huo, na ana haki ya kuogopa, kwa hiyo anaacha mwanya wa mita moja. Mwanya huo mtu anauingia. Anaacha mwingine, unaingiwa tena. Dakika kumi baadaye yuko mkiani na hakumbuki amefikaje huko. Makocha wazuri huwaweka vijana wawili kwenye majani laini, mwendo wa polepole, wasukumane mabega na kuegemeana viwiko mpaka mwili uache kukakamaa. Anayeanguka haumii sana. Zoezi hili halihitaji maabara wala baiskeli ya bei mbaya, na nasikitika kuona linavyopuuzwa kwetu.

Mwendesha baiskeli wa Eritrea, Biniam Girmay, ndiye mfano ninaouegemea zaidi. Alizaliwa Asmara mwaka 2000, katika nchi ambayo mbio za baiskeli ni mchezo wa watu: Giro d'Eritrea ilianza mwaka 1946, na Asmara mtoto anakua akishindana ndani ya kundi. Naamini hapo ndipo Eritrea inapotupita sisi wa Afrika Mashariki ambao milima tunayo vilevile. Mwaka 2018 alichukuliwa na kituo cha shirikisho la dunia la baiskeli, UCI, kilichoko Aigle, Uswisi, akaanza kushindana na vijana wa Ulaya kwenye barabara zao wenyewe. Kwa hiyo alipoanza kushinda mbio kubwa alikuwa na miaka kadhaa ya kusukumana ndani ya misafara.

Machi 25, 2022 alikimbia E3 kule Ubelgiji, mbio ya vilima vya mawe, akawa wa tano. Siku mbili baadaye ikaja Gent–Wevelgem, karibu kilomita 249, inayopita Kemmelberg, kilima cha mawe ambako aliyechelewa kujipanga hukwama nyuma ya waliokwisha kuteleza. Mwishoni walibaki wanne: Girmay, Christophe Laporte, Jasper Stuyven na Dries Van Gestel. Wengi wangesubiri mita 150 za mwisho. Girmay alichomoka zikibaki kama 250. Anayeanza mapema hivyo anaibeba hewa peke yake, lakini akiwashtukiza wenzake anapata urefu wa baiskeli moja kabla hawajaitika, na wanaomfukuza wanabaki mbali mno kufaidi kinga ya mgongo wake. Laporte alimkaribia sana, mstari ukafika kwanza. Kabla yake hakuna Mwafrika mweusi aliyekuwa amewahi kushinda mbio ya ngazi hiyo.

Mei ya mwaka huohuo akashinda hatua ya Giro d'Italia mjini Jesi mbele ya Mathieu van der Poel, na jukwaani kizibo cha chupa kikampiga jichoni. Hakuendelea na mashindano hayo. Mwaka 2024 akatwaa hatua tatu za Tour de France pamoja na jezi ya kijani ya alama.

Jambo moja la mwaka 2022 halizungumzwi inavyostahili. Baada ya Gent–Wevelgem wapenzi wa mchezo walitamani abaki kwa ajili ya Tour of Flanders wiki iliyofuata. Yeye akarudi Asmara kwa mke na mtoto wake, kama ilivyokuwa imepangwa. Naona aliamua vyema, na timu yake pia. Kijana aliyetupwa kwenye chumba cha baridi, akipika wali peke yake na kusubiri simu, hupoteza uzito na usingizi, na asiyelala hawezi kutulia katikati ya magurudumu 300.

Tatizo la makaratasi ni gumu zaidi. Viza ya kawaida ya nchi za Schengen inaruhusu siku 90 ndani ya 180, ilhali msimu wa mbio barani Ulaya unaanza Februari na kwisha Oktoba. Asiye na kibali cha ukaazi anarudishwa nyumbani pale anapoanza kuuelewa msafara.

Septemba 2025 ubingwa wa dunia wa mbio za baiskeli za barabarani ulifanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika. Mbio ya wanaume, iliyoshindwa na Tadej Pogačar, ilikuwa ya kilomita 267.5, na waliomaliza ni 30 tu. Wengi walisema milima ndiyo iliyochuja watu, na ilichuja kweli. Lakini kilima cha mawe cha Kimihurura kilirudiwa kila mzunguko, na kila mara aliyekiingia akiwa nyuma alilipa zaidi ya aliyekiingia mbele.

Kwa klabu ya Arusha, Eldoret au Kampala, mbio ya mtaani ya kilomita 40 yenye vijana 60 na kona nyingi, ikirudiwa kila Jumapili, inamfaa mtoto wa miaka 15 kuliko kupanda mlima peke yake kwa saa nne. Akikua, Tour du Rwanda iko jirani na inaleta timu za Ulaya. Na mzazi aliyeletewa mkataba aulize kwanza kijana atashindana siku ngapi kwa mwaka, ataishi na nani, na nani atashughulikia kibali chake cha ukaazi. Mshahara uulizwe baada ya hayo.