Prosesa, Joto na Kelele ya Feni

Kompyuta inapotumiwa kuandikia barua huwa kimya. Mara mchezaji anapofungua mchezo wenye picha nyingi, feni huanza kuvuma, na katika nyumba ya vyumba viwili waliolala huamka. Wengi huilaumu feni, wakanunua nyingine, nayo ikavuma vilevile. Chanzo hasa ni joto, na sehemu kubwa ya joto hilo huamuliwa siku prosesa inaponunuliwa.

Ndani ya prosesa mna mabilioni ya transista zinazowaka na kuzima bila kupumzika. Kila badiliko hula umeme kidogo, na umeme huo wote huishia kuwa joto. Kiasi chake hulingana na idadi ya mapigo kwa sekunde, ikizidishwa kwa kipeo cha pili cha volteji. Mapigo yakipunguzwa kwa asilimia 10, na volteji vivyo hivyo, hesabu ni 0.9 × 0.9 × 0.9, yaani 0.729. Mwendo umepungua sehemu moja ya kumi tu, lakini joto limepungua zaidi ya robo.

Kampuni ya Intel iliikuta hesabu hiyo kwa upande wake mchungu. Mwaka 2004 Pentium 4 ilifikishwa gigahetsi 3.8, kwa kiwango cha joto cha wati 115, na mbio za kuongeza mapigo zikakwama. Core 2 Duo za mwaka 2006 zilikuwa na mapigo machache zaidi na wati 65, na bado zikaipita kwa kazi.

Mfano wa karibu zaidi ni Ryzen 7 5800X ya mwaka 2020 na 5700X ya mwaka 2022, zote za AMD. Zina viini vinane na muundo uleule. Ya kwanza hufika gigahetsi 4.7 kwa kiwango cha wati 105. Ya pili 4.6 kwa wati 65. Atafutaye kimya hana sababu kubwa ya kuililia ile 0.1. Viwango hivi, lakini, ni vya kuchagulia mtambo wa kupozea, wala si kipimo kamili cha umeme utakaotumika.

Tena, katika michezo mapigo si kila kitu. Mara nyingi prosesa hukaa ikingoja data kutoka kwenye kumbukumbu. Ndiyo maana 5800X3D, yenye gigahetsi 4.5 tu lakini megabaiti 96 za kumbukumbu ya ndani badala ya 32, huishinda 5800X katika michezo mingi.

Faida ya kupunguza joto huonekana kwenye feni. Feni ikizunguka kwa nusu ya mwendo wake, kelele hushuka kwa desibeli kama 15. Mwenye chumba cha Dar es Salaam mwezi Februari ana haja zaidi: hewa ya nyuzi 32 hupoza kidogo kuliko ya nyuzi 20, hivyo feni hulazimika kukimbia zaidi kwa joto lilelile. Kadi ya picha nayo ipimwe kwa wati, kwani katika mchezo mara nyingi huipita prosesa kwa joto.

Aliyekwisha kununua 5800X hana haja ya kuiuza. Kwenye bodi nyingi, mipangilio ya kuwashia kompyuta humruhusu kuiwekea kiwango cha wati 65.