Kabla Hujamlipa Fundi wa Kingo za Bustani

Bustani iliyozungushiwa kingo nzuri za mawe hupendeza. Watoto hujua njia inaishia wapi na mboga zinaanzia wapi, na mgeni akiingia uani huona kwamba nyumba hii ina mwenyewe. Ndiyo maana akina mama wengi, wakishapata fedha kidogo ya chama au ya mauzo ya sokoni, humwita fundi awawekee kingo.

Lakini katika sehemu zenye kiangazi kirefu, kama vijiji vya bonde la Mto Mara, kwa mfano Kewanja na jirani zake, kingo si pambo tu. Zikiwekwa vizuri hukupa maji. Zikiwekwa vibaya huyafukuza, nawe umelipa fedha yako ili yafukuzwe.

HESABU YA NDOO

Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huleta lita moja ya maji. Tuseme bustani yako ina urefu wa mita 10 na upana wa mita 5. Mvua moja nzuri ya milimita 20 inakuletea lita 1,000. Hizo ni ndoo 50 za lita 20.

Nani anayebeba ndoo hizo kiangazi kikifika? Ni wewe mama, na mara nyingi binti yako, ambaye angekuwa anasoma. Kwa hiyo ukingo unaoyazuia maji hayo yasikimbilie barabarani ni mapumziko ya shingo na mgongo.

UKINGO WA NCHI KAVU

Katika sehemu zenye mvua nyingi, kama Bukoba, ni vizuri kuinua tuta ili maji ya ziada yatoke. Katika sehemu kavu fanya kinyume. Udongo wa bustani uwe chini kidogo kuliko njia ya kupita, na upande wa juu wa bustani uachiwe nafasi za kuingizia maji. Ukingo mrefu wa saruji uliozibwa pande zote hugeuka ukuta, na mvua hupita pembeni huku mchicha ukikauka ndani.

Penye mteremko, mstari wa mawe ukatishe mteremko, nao uwe na usawa mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Macho peke yake hayatoshi kupima usawa huo. Fundi anaweza kutumia mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji: maji ya ncha zote mbili husimama kwenye kimo kimoja. Njia hiyo ndogo imefanya makubwa. Huko Yatenga, nchini Burkina Faso, wakulima walifundishwa kupima kwa mpira wa maji na kupanga mistari ya mawe mashambani. Maji yalipunguza mbio, udongo ukabaki, na ardhi iliyokuwa imekuwa ngumu kama sakafu ikalimwa tena. Jirani zetu wa Machakos, Kenya, nao walichimba matuta ya kuzuia mmomonyoko kwa vikundi vya kusaidiana vinavyoitwa mwethya, na wengi katika vikundi hivyo walikuwa wanawake.

Jambo moja usilisahau: maji yanayotunzwa yasitunzwe kwenye msingi wa nyumba. Acha mita mbili au zaidi kati ya ukuta na bustani, na uwepo mlango mdogo uliopangwa mawe ambapo maji yakizidi yatatokea bila kwenda kwa jirani.

MAWE AU SARUJI?

Wengine hudhani kwamba bila saruji kazi si imara. Ng'ambo ya mpaka, Migori, zipo kuta za Thimlich Ohinga, ambazo UNESCO iliziingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Inadhaniwa zilijengwa karne ya 16. Sehemu nyingine zinapita kimo cha mita 4, wala hazina saruji hata kidogo. Mawe yalichaguliwa, yakapangwa yakashikana, na madogo yakajazwa katikati.

Kwa ukingo wa bustani, jiwe lizikwe theluthi moja ardhini, na mawe madogo yajazwe upande maji yanakotoka. Maji hupenya taratibu na udongo hubaki. Kama udongo wako ni ule mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, saruji itapasuka pamoja nao, lakini mawe makavu utayarudisha mahali pake kwa mkono. Kumbuka pia kwamba saruji mpya hutaka kumwagiwa maji siku saba hivi ili ikomae. Ukiambiwa bei ya mifuko, ongeza na bei ya maji hayo.

MAWE YASIYOFAA

Kwa wanaoishi karibu na migodi, kama Nyamongo, yapo mawe ambayo hayafai hata yakiletwa bure. Vifusi vya mgodi vinaweza kuwa na madini ya salfa, ambayo yakikutana na hewa na mvua hutoa asidi. Mwezi wa Mei 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodi wa North Mara yakaingia mto Tigithe. Usiwekee mboga za watoto kingo za vifusi vya namna hiyo. Vilevile usichukue mawe wala mchanga mahali dhahabu inapooshwa kwa zebaki. Mwulize fundi waziwazi: mawe haya yametoka wapi?

MAPATANO NA FUNDI

Usimchague fundi kwa maneno yake. Nenda ukaone kazi aliyoifanya kabla ya masika yaliyopita, umwulize mwenye nyumba mvua ilipokuja ilikuwaje. Kisha mpeleke fundi uani kwako umwambie hivi: "Fundi, kabla hujachimba, nionyeshe maji yataingilia wapi, na yakizidi yatatokea wapi." Fundi mzuri atazunguka ua, atauliza maji ya bati yanaangukia wapi, ndipo atataja bei. Anayeanza kwa kuhesabu mifuko ya saruji, mshukuru, umtafute mwingine.

Mkishaelewana, andikeni. Mali bila daftari huisha bila habari. Karatasi ioneshe urefu wa kingo, nani ananunua vifaa, nani analipa vibarua, siku ya kumaliza, na jina la shahidi. Kama fedha ni yako, wewe na baba watoto mpatane mapema nani atamwelekeza fundi, maana fundi akipokea amri mbili hufuata ile iliyo rahisi kwake.

Malipo yagawanywe mara tatu: kidogo anapoanza, kingine kazi ikifika nusu, na sehemu ya mwisho baada ya kujaribu. Kujaribu si kugumu. Siku ya kufua, chukua ndoo tatu za maji ya kusuuzia nguo, uyamwage upande wa juu wa bustani, kisha simama utazame. Maji yakienea na kutulia, mlipe fundi haki yake siku ileile, naye atakuja kwa furaha ukimwita tena. Yakikimbilia kona moja, mwambie arekebishe kwanza.

Wakati mzuri wa kazi hii ni Agosti na Septemba, kabla ya vuli. Hivyo mvua ya kwanza itakuta kingo zako tayari, na zile ndoo 50 zitaingia bustanini zenyewe bila mtu kuzibeba kichwani.