Maombi na Dawa: Usiache Vidonge Kabla ya Kupimwa

Ni mimi muuguzi wenu wa afya ya jamii. Leo tunazungumzia jambo ambalo Wakristo wengi hulinong'ona nje ya kliniki, lakini wakiingia ndani hawamwambii daktari. Swali lenyewe ni hili: nikishaombewa, nifanye nini na dawa zangu?

Nianze na kisa kimoja. Miaka michache iliyopita, mama mmoja alikuja kliniki ya presha baada ya kupotea kwa miezi mitatu. Nilipompima, presha ilikuwa 190 kwa 110. Nikamwuliza dawa zake ziko wapi. Akanijibu kwa sauti ya chini, "Sista, niliombewa kwenye mkutano wa injili, nikapokea uponyaji wangu."

Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu na nilikuwa nimechoka. Nikamgombeza mbele ya wagonjwa wengine. Nikamwuliza kama mchungaji wake ana mashine ya kupima presha. Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. Alichukua dawa akaenda zake, na mwezi uliofuata hakurudi. Niliposikia habari zake tena, mwanawe alikuwa amemleta hospitali, amepatwa na kiharusi na upande mmoja wa mwili umepooza.

Wasikilizaji, mama yule hakuwa mjinga. Aliamini, na alipokuja kwangu hakupata mtu wa kuzungumza naye juu ya imani yake kwa heshima. Nami ni Mkristo, na huomba kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Kosa lile ndilo lililonifundisha haya ninayowaambia leo.

Kwanza tuelewe ugonjwa wa kudumu ni nini. Malaria ukiitibu vizuri, inaisha. Lakini presha, kisukari, kifafa, pumu na virusi vya UKIMWI kwa kawaida huishi na mtu miaka mingi. Kazi ya dawa ni kuudhibiti ugonjwa usilete madhara. Hapa ndipo wengi tunapoteleza. Mtu anameza dawa ya presha kila siku, anapimwa, anaambiwa presha ni 125 kwa 80. Anafurahi na kusema amepona. Lakini namba ile nzuri imeletwa na dawa! Ukiiacha, presha itapanda tena, na mara nyingi hutasikia dalili yoyote. Hata kichwa hakitauma. Utajisikia mzima huku mishipa, moyo na figo vinaumia kimyakimya.

Ni hivyo hivyo kwa anayetumia dawa za ARV. Akiambiwa virusi havionekani kwenye kipimo, maana yake ni kwamba dawa zimevibana. Bado vimejificha mwilini, na akiacha dawa vitaongezeka tena. Kwa mwenye kifafa, kuacha dawa ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma, na hilo huweza kuua.

Sasa, je, kumeza dawa ni kukosa imani? Hebu tuifungue Biblia. Mfalme Hezekia alipougua, aliomba kwa machozi, na Mungu akamsikia. Hata hivyo nabii Isaya aliagiza andazi la tini liwekwe juu ya jipu lake. Maombi yalikuwepo na dawa ilikuwepo. Luka, aliyesafiri na mtume Paulo, alikuwa tabibu. Paulo huyo huyo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yaliyomsumbua mara kwa mara, na Trofimo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa. Paulo mwenyewe aliomba mara tatu mwiba uondolewe mwilini mwake, lakini haukuondolewa. Akapewa neema ya kuubeba. Kwa hiyo ukiwa umeomba miaka kumi na ugonjwa bado upo, asikuambie mtu kwamba imani yako ni ndogo au una dhambi uliyoficha. Maneno kama hayo huumiza mgonjwa mara ya pili.

"Lakini Sista, kama kweli Mungu ameniponya?" Hilo ni swali zuri. Kumbukeni wale wakoma kumi katika Injili ya Luka, sura ya 17. Yesu aliwaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani. Kwa nini makuhani? Kwa sababu katika sheria ya Musa, kuhani ndiye aliyekagua ngozi na kuthibitisha kwamba mtu ametakasika. Yesu hakuogopa ukaguzi. Basi nasi tufanye vivyo hivyo. Ukiamini umeponywa, endelea kumeza dawa na uje kliniki. Tuambie bila kuficha. Tutakupima. Kama kuna mabadiliko, daktari ndiye atakayepunguza dawa pole pole huku tukikufuatilia. Uponyaji wa kweli haupungukiwi kitu kwa kupimwa.

Jambo la pili ni kufunga. Makanisa mengi huwa na wiki za maombi ya kufunga, hasa mwanzo wa mwaka. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, akikaa bila chakula, sukari inaweza kushuka kupita kiasi, chini ya 4. Dalili zake ni kutetemeka, jasho, njaa kali, moyo kwenda mbio, macho kuona giza na kuchanganyikiwa. Nimesikia mtu akitetemeka hivi kwenye kesha na waumini wakadhani ni mapepo. Ndugu zangu, kama mnajua ana kisukari, wazieni sukari kwanza! Kama ana fahamu na anaweza kumeza, mpeni maji yenye vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari, au soda yenye sukari. Baada ya dakika 15, kama hajapata nafuu, mrudieni tena. Akipata nafuu, ale chakula. Kama amezimia, msimtie kitu chochote mdomoni. Mlazeni kwa ubavu na mumkimbize hospitali.

Kabla ya kufunga, basi, zungumza na daktari au muuguzi wako. Na kama huwezi kufunga chakula, kuna mengine ya kujinyima: televisheni, simu, hata maneno ya kusengenya. Mungu anaujua mwili wako.

Kwenu wachungaji na wazee wa kanisa: waombeeni wagonjwa, wapakeni mafuta, watembeleeni nyumbani. Tunawahitaji sana, kwa maana ugonjwa wa miaka mingi huleta upweke na kukata tamaa, na vidonge peke yake haviliwazi moyo. Ila msimwambie mtu atupe dawa zake. Mkimaliza kumwombea, mwulizeni, "Siku yako ya kliniki ni lini?"

Na kwenu wauguzi wenzangu: mgonjwa akisema ameombewa, msimcheke. Mshukuruni kwa kusema ukweli, kisha mpimeni.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio kitamfichua. Kama kuna dawa umeziacha na zimelala kwenye kabati, usione haya. Usijirudishie dozi mwenyewe wala kumeza maradufu. Zibebe zote, uende kituo cha afya kilicho karibu nawe kesho asubuhi, useme, "Niliacha, nimerudi." Anayekupokea na asikugombeze.