Harrison Schmitt na Rasilimali za Mwezi: Kutoka Sampuli hadi Akiba

Harrison Schmitt alizaliwa mwaka 1935 huko Santa Rita, New Mexico, mji wa machimbo ya shaba, akiwa mtoto wa mwanajiolojia wa migodi. Alipata shahada ya uzamivu ya jiolojia katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1964, na mwaka uliofuata akateuliwa kuwa mwanaanga. Kabla ya kusafiri mwenyewe, alishiriki kuwafundisha wanaanga wenzake namna ya kusoma miamba, kazi ambayo wasifu mwingi humtajia kwa haraka mno.

Desemba 1972, katika safari ya Apollo 17, yeye na Eugene Cernan walitua katika bonde la Taurus-Littrow. Kwenye ukingo wa kreta ya Shorty, Schmitt aliona udongo wa rangi ya chungwa, ukadhaniwa kuwa dalili ya volkano ya karibuni. Uchunguzi wa maabara ulionyesha vinginevyo: ulikuwa punje za kioo zilizotokana na mlipuko wa zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita. Jicho la mtaalamu lilibaini kilichostahili kuchukuliwa. Kipimo ndicho kilichoamua maana yake.

Kanuni hiyohiyo yafaa kutumika kupima hoja aliyoitetea baadaye. Baada ya kuwa seneta kati ya 1977 na 1983, Schmitt alifundisha katika Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, ambako watafiti walikuwa wamependekeza mwaka 1986 kwamba heliamu-3, iliyopachikwa na upepo wa jua katika udongo wa Mwezi, itumike katika vinu vya muungano wa nyuklia. Kitabu chake *Return to the Moon* (2006) kiliijenga hoja hiyo kibiashara.

Kuwepo kwa gesi hiyo hakuna ubishi, kwa kuwa imepimwa katika sampuli zenyewe. Ugumu uko kwenye kiwango. Iwapo udongo una sehemu 20 za heliamu-3 kwa kila sehemu bilioni, kilo 1 ya gesi itahitaji tani 50,000 za udongo, tena zipashwe joto la takribani nyuzi 700 za Selsiasi. Aidha, muungano wa heliamu-3 na diuteri huhitaji halijoto kubwa kuliko ule wa diuteri na triti, ambao nao haujaanza kuzalisha umeme wa kuuzwa. Katika lugha ya migodi aliyokulia Schmitt, kitu kilichopo huitwa rasilimali. Akiba ni kile kinachoweza kuchimbwa kwa faida. Heliamu-3 haijavuka mpaka huo, na watetezi wake wengi huutaja kwa sauti ya chini.

Upimaji unaendelea. Sampuli 73001, iliyochukuliwa katika bonde lilelile na kufungwa kwenye ombwe mwaka 1972, ilifunguliwa mwaka 2022 ili gesi zake zichunguzwe kwa vyombo ambavyo wakati wa Apollo havikuwepo.