Punda akizeeka, nani atamlea?

Mnunuzi amefika alfajiri akiwa na kamba mkononi. Punda aliyechotea familia maji kwa miaka mingi amefungwa karibu na lango. Baba anahesabu noti. Mama hajatoka jikoni. Mtoto, tayari kwa sare za shule, anauliza swali moja tu: "Anapelekwa wapi?"

Wazazi wengi wa maeneo yanayotegemea punda wamewahi kuulizwa swali hilo. Wengi pia hulijibu kwa haraka: ameuzwa, ameenda kwa watu wengine, twende shule. Mtoto hanyamazi kwa kuridhika, hunyamaza kwa kuwa ameona mkubwa hataki kuulizwa.

Waswahili husema asante ya punda ni mateke. Kwa mnyama aliyebeba mitungi, simiti na magunia ya mahindi hadi mgongo ukapinda, methali hiyo imegeuka. Mara nyingi anayepokea mateke ni punda, na anayeyatoa ni aliyebebewa.

Katika nchi nyingine, familia hujitokeza kuwachukua farasi na punda waliostaafu kazi na kuwatunza hadi mwisho wa maisha yao. Ni jambo zuri, lakini si rahisi kama picha za mitandaoni zinavyoonyesha. Mzazi anayefikiria kumbakiza punda mzee nyumbani, au kumchukua wa jirani, ana mengi ya kujifunza kutoka kwao.

Walioanza kuwaonea huruma

Hapo zamani, miji ya Ulaya iliendeshwa na farasi. Walivuta teksi, mabasi, mikokoteni ya maziwa na ya makaa. Nchini Uingereza farasi wadogo walishushwa hata chini ya ardhi kuvuta makaa ya mawe migodini. Kufikia mwaka 1913 walikuwa karibu 70,000. Farasi akichoka, kilichomngoja mara nyingi kilikuwa kichinjio.

Mwaka 1886 nyumba ya mapumziko ya farasi wa kazi ilianzishwa London. Farasi wa maskini mwenye teksi aliweza kupumzishwa na kutibiwa hapo, na waliozeeka wakapata pa kumalizia siku zao. Taasisi hiyo ipo hadi leo.

Mkazi wake mashuhuri alikuwa Sefton, farasi wa jeshi. Julai 1982 bomu lililipuka karibu na bustani ya Hyde Park, likaua askari wanne na farasi saba. Sefton alipata majeraha 34 na kufanyiwa upasuaji wa saa nyingi. Alipona, akarudi kazini, kisha mwaka 1984 akastaafu na kupelekwa kwenye nyumba hiyo. Alikufa mwaka 1993 akiwa na umri wa miaka 30.

Lakini kisa kinachomfaa zaidi mzazi ni cha Dorothy Brooke. Mwingereza huyu alifika Cairo mwaka 1930 akifuatana na mumewe, ofisa wa jeshi. Barabarani aliona farasi wakongwe, mbavu nje, wakivuta mizigo. Walikuwa farasi wa jeshi la Uingereza waliouzwa Misri baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1931 aliandika barua kwa gazeti moja la nyumbani kuomba msaada, na wasomaji wakatuma pesa. Katika miaka michache alinunua farasi wapatao 5,000.

Wengi wa farasi hao hawakuishi muda mrefu baada ya kununuliwa. Walikuwa wamechoka na kuugua kupita kiasi. Walipewa chakula, maji na kivuli kwa siku chache, kisha wakalazwa bila maumivu. Brooke aliamua kwamba kumrefushia mnyama mateso si huruma. Mwaka 1934 alifungua hospitali Cairo ya kutibu bila malipo wanyama wa kazi wa watu maskini. Shirika lililozaliwa hapo leo linafanya kazi katika nchi kadhaa, Kenya ikiwemo.

Kuchukua si kununua

Kwa kawaida, mashirika ya Uingereza yanayowatafutia farasi makao hayamkabidhi mtu mnyama moja kwa moja. Anayetaka hujaza maombi, kisha ofisa huenda kukagua malisho, ua, maji na banda. Akikubaliwa, hupewa mnyama wa kutunza, lakini shirika hubaki kuwa mwenyewe. Hawezi kumuuza wala kumzalisha. Ukaguzi huendelea, na familia ikishindwa, mnyama hurudishwa bila lawama.

Wengi wa farasi hao hawapandwi tena kwa sababu ya magoti, mgongo au kupumua kwa shida. Hutolewa ili wawe wenzi wa farasi wengine, kwa kuwa farasi na punda hawapendi kukaa peke yao. Mtoto anayetarajia kupanda huelezwa hivyo mapema, kabla hajaanza kuota.

Sheria hizo zina faida kwa mnyama mzee. Anayemchukua leo kwa moyo mweupe anaweza kufutwa kazi mwaka ujao. Bila mkataba, mnyama huishia sokoni, na kutoka sokoni ni hatua moja hadi kichinjio.

Hapa kwetu ni punda

Farasi si wengi Afrika Mashariki. Mbung'o na ugonjwa wa farasi unaoenezwa na visubi viliwazuia kuenea tangu zamani, na waliopo wako zaidi kwenye mashamba makubwa, mbio za farasi na vilabu vya michezo. Mfanyakazi wetu ni punda. Ndiye anayechota maji Kajiado, anayevuta mkokoteni wa mpunga Mwea, na anayepita kwenye vichochoro vya Lamu ambamo gari haliingii.

Idadi yao Kenya imepungua. Sensa ya 2009 ilihesabu takriban milioni 1.8, ile ya 2019 karibu milioni 1.2. Sababu moja kubwa ni biashara ya ngozi. Ngozi ya punda huchemshwa kutoa gundi iitwayo ejiao, inayotumiwa China kama dawa ya asili. Kuanzia 2016 vichinjio vya punda vilifunguliwa nchini, na wizi wa punda ukaongezeka. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, mahakama ikaondoa marufuku hiyo mwaka uliofuata. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika waliafikiana kusitisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi.

Kwa familia, maana yake ni hii: punda mzee ambaye hana kazi tena bado ana bei, na bei hiyo ni ya ngozi yake. Mnunuzi asiyeuliza umri, asiyetazama kwato wala meno, huenda hatafuti punda wa kazi.

Kabla ya kusema "tutamlea"

Punda anayetunzwa vizuri anaweza kuzidi miaka 30. Wanaofanya kazi ngumu hufa mapema zaidi, lakini punda wa miaka 15 anayepumzishwa leo anaweza kuwapo mtoto wa darasa la pili atakapomaliza chuo. Kwa hiyo swali la kwanza ni nani atakayemtunza watoto wakiondoka.

*Chakula.* Punda wa kilo 150 huhitaji kilo mbili hadi tatu za majani makavu kwa siku. Farasi wa kilo 500 huhitaji karibu kilo kumi. Chakula kikuu kiwe majani, si unga. Mahindi mengi huweza kumsababishia punda uvimbe wa ndani ya kwato unaomfanya ashindwe hata kusimama.

*Meno.* Meno yakiisha, punda hutafuna kisha hudondosha vitonge vya majani vilivyotafunwa nusu. Mtoto anaweza kufundishwa kuvitafuta karibu na hori. Akiviona, aite mkubwa. Chakula kikatwekatwe na pumba zilowekwe.

*Kwato.* Hukua kama kucha na zinahitaji kukatwa kila baada ya wiki sita hadi kumi. Punda wa kazi husaidiwa kidogo na barabara ngumu. Anayepumzika kwenye udongo laini hana msaada huo, na wengi hulemaa wakiwa wanadhaniwa wanastarehe.

*Banda.* Manyoya ya punda hayazuii maji ya mvua vizuri kama ya farasi. Paa la mabati na pakavu pa kusimama vinatosha, lakini lazima viwepo.

*Plastiki.* Punda anayezurura hula takataka. Mfuko au kamba ya nailoni huziba utumbo, na mara nyingi hilo ndilo humuua. Uani pafagiliwe.

*Mwenzake.* Punda wawili waliovuta mkokoteni pamoja kwa miaka hushikamana. Mmoja akiuzwa, anayebaki anaweza kukataa kula, na kwa punda kutokula siku mbili tatu ni hatari ya kifo kwa sababu mafuta ya mwili humiminika kwenye damu. Ikiwezekana wastaafishwe wote wawili. Mbuzi ni afadhali kuliko upweke, lakini si punda.

*Chanjo.* Daktari wa mifugo aulizwe kuhusu kichaa cha mbwa na pepopunda. Ugonjwa huu wa pili umebeba jina la mnyama huyu, lakini huingia kwa kidonda chochote, cha punda au cha mtoto. Chanjo za watoto nazo zikaguliwe.

*Usalama.* Punda mpole pia hupiga teke akishtushwa. Watoto wasimwendee kwa nyuma, wasijifunge kamba yake mkononi, na wadogo wasiachwe naye peke yao.

Familia isiyoweza yote hayo si familia mbaya. Kumpunguzia kazi kidogokidogo nako ni kumstaafisha: safari mbili badala ya sita, mtungi mmoja kila upande badala ya miwili, siku ya Ijumaa au Jumapili bila soji mgongoni. Kisheria, kumtwika punda mzigo uliomzidi au kumfanyisha kazi akiwa mgonjwa ni kosa nchini Kenya. Lamu kuna kituo kinachotibu punda bila malipo tangu 1987, na kwingineko ofisi ya mifugo ya kaunti ndiyo pa kuanzia.

Mtoto anasikiliza

Wapo wazazi watakaosema huku ni kubembeleza mnyama wakati karo haijalipwa. Hoja hiyo ina uzito. Punda kwa familia nyingi ni mtaji, na mtaji ukizeeka hubadilishwa. Hakuna anayepaswa kuaibishwa kwa kuuza ili watoto wale.

Hata hivyo, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Anayeona aliyefanya kazi akitupwa siku nguvu zilipomwishia, anajifunza jambo kuhusu wenye nguvu zilizoisha, na nyumbani si punda peke yake atakayezeeka. Ikibidi kuuza, aambiwe ukweli kwa maneno ya umri wake: tumemuuza, hatukuweza kumlisha, tumemtafutia mtu tunayemjua. Ikiwa daktari amesema mnyama anateseka na njia ni kumlaza, aambiwe hilo pia, na aachwe aage. Mtoto huweza kubeba huzuni kuliko wazazi wanavyodhani. Kinachomlemea ni kudanganywa kisha kugundua.

Kama familia imeamua kumlea, agawiwe kazi yake. Mwenye miaka sita ajaze maji. Mwenye miaka kumi atazame vitonge na vidonda. Mkubwa aandike kwenye kalenda siku ya kwato. Baada ya mwezi, wazazi wakae waulize kama gharama inawezekana. Ikiwa hapana, ni afadhali kusema mapema na kumtafutia makao mengine kuliko kumwacha akonde uani.

Kuhusu lile swali la langoni, jibu lake huanza kutafutwa miaka mingi kabla ya mnunuzi kufika, siku ile punda anapotwikwa mtungi wa kwanza.