Boma la Ikoma na Majina ya Nyumba Zilizobadilishwa Kazi

Mfasiri akutanaye na habari ya nyumba ya mawe ya mkulima wa Ulaya, iliyogeuzwa kuwa mahali pa kunywea vileo, hapati neno moja la Kiswahili liwezalo kuichukua maana yote. Makala haya yanaeleza sababu yake kwa mifano ya nchini, na hasa ya mkoa wa Mara.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walijenga ngome ya mawe huko Ikoma, mashariki ya Bunda. Baada ya uhuru wa 1961 ngome hiyo ilifanywa hoteli ya watalii. Palipokuwa pa askari pakawa pa kulala na kunywa. Jina halikugeuka: liliendelea kuwa Boma la Ikoma.

Neno boma limesafiri mbali kuliko jengo lenyewe. Kwanza ni ua uzungukao watu au mifugo, na mfugaji hata leo husema boma la ng'ombe. Kisha likawa ngome, tena makao ya serikali ya wilaya. Ndipo watu wakasema wanakwenda bomani. Boma la Mikindani, lililojengwa 1895, nalo ni hoteli siku hizi, wala halikuacha kuitwa boma. Huko Karatu, nyumba ya shamba la kahawa alilolinunua James Gibb 1948 ilianza kupokea wageni 1972, na hadi leo huitwa kwa jina la shamba lake.

Maneno ya mahali pa kunywea hufuata njia nyingine: hutazama kinywaji, si jengo. Kilabu, neno lenye asili ya Kiingereza, katika Tanzania bara ni hasa mahali pa pombe ya kienyeji, kama ya mtama au ulezi. Baa ni mahali pa bia ya chupa. Hoteli, kwa watu wengi, ni mahali pa chai na wali kabla ya kuwa mahali pa kulala. Basi tukiandika kilabu, msomaji wa Musoma atafikiri pombe ya kienyeji. Tukiandika baa, atafikiri chupa. Katika hali zote mbili nyumba ya mawe na mkulima wake wametoweka.

Butiama inatupa fundisho. Mwitongo, nyumbani kwa Chifu Burito Nyerere na mwanawe Julius, ni jina ambalo kwa Kizanaki hutaja mahame. Watu wanaishi hapo, na Mwalimu alizikwa hapo 1999. Lakini jina limehifadhi habari ambayo macho hayaioni tena.

Kwa hiyo yafaa mfasiri ataje kwanza nyumba ilivyokuwa, ndipo aeleze kazi yake ya sasa: nyumba ya mawe ya shamba, iliyofanywa baa. Maneno ni mengi zaidi, lakini historia ya nyumba haipotei.