Maua Ukutani Hayamvunjii Askari Heshima

Ziko nyumba nyingi za askari ambazo ukutani hamna kitu isipokuwa msumari wa kutundikia koti la mvua na kalenda ya mwaka uliokwisha. Ukimwuliza mwenye nyumba sababu, atakujibu kwamba yeye ni mtu wa uhamisho: leo yuko Buteba, kesho atapelekwa Karamoja, basi ya nini kuupamba ukuta wa serikali? Mwingine atasema kwamba picha za maua ni mambo ya wanawake, na kwamba mkono uliozoea bunduki hauna haja nazo. Makala haya yanakusudia kuwajibu wote wawili.

Tuanze na huyu wa pili.

Mchoraji aliyekufa vitani

Katika mwaka 1870 Mfaransa mmoja aitwaye Frédéric Bazille alichora picha mbili za mwanamke Mwafrika akiwa na maua. Bazille alizaliwa Montpellier, kusini mwa Ufaransa, tarehe 6 Desemba 1841, katika jamaa yenye mali. Alisomea udaktari kwanza, kisha akauacha akashika brashi. Mjini Paris alifanya urafiki na wachoraji maskini, miongoni mwao Claude Monet na Auguste Renoir. Walipokosa mahali pa kufanyia kazi aliwapa nafasi katika chumba chake mwenyewe. Na picha moja kubwa ya Monet aliinunua kwa faranga 2,500, akailipa kidogo kidogo, faranga 50 kila mwezi.

Mwezi wa Julai mwaka ule vita vilizuka baina ya Ufaransa na Prussia. Mwezi wa Agosti Bazille alijiandikisha kwa hiari yake katika kikosi cha Zouave, askari wa miguu ambao asili yao ni Algeria. Tarehe 28 Novemba 1870, katika mapigano ya Beaune-la-Rolande, ofisa wake alipoanguka yeye alishika uongozi wa shambulio, akapigwa risasi akafa. Zilikuwa zimebaki siku nane tu atimize umri wa miaka 29. Baba yake alikwenda mwenyewe kuutafuta mwili wa mwanawe, akaurudisha Montpellier kuuzika.

Wala hakuwa peke yake aliyevaa sare. Monet alitumikia jeshi la wapanda farasi huko Algeria mwaka 1861 na 1862. Renoir aliitwa jeshini katika vita hivyo vya 1870. Édouard Manet alikuwa katika Walinzi wa Taifa wakati Paris ilipozingirwa na adui. Hatusemi kwamba maua ndiyo yaliyowatia ushujaa. Tunasema tu kwamba mtu anayedai ua humlegeza askari, na amweleze kwanza Bazille.

Picha yenyewe

Moja ya picha zile mbili iko Montpellier, na ya pili iko katika Jumba la Taifa la Sanaa mjini Washington, Marekani. Hiyo ya Washington ina ukubwa wa kiasi cha sentimita 60 kwa 75. Mwanamke amefunga kitambaa kichwani na kuvaa vipuli vya marijani. Amebeba kikapu cha maua, na kwa mkono wake mmoja anatunyoshea maua ya peoni kana kwamba anatuuzia. Peoni ni ua kubwa la nchi za baridi, lenye petali nyingi zilizobanana. Jina la mwanamke huyo halikuhifadhiwa, lakini uso wake umechorwa kwa heshima, na macho yake yanamtazama mnunuzi sawasawa.

Zaidi ya miaka mitatu baada ya kifo cha Bazille, tarehe 15 Aprili 1874, rafiki zake walifungua maonyesho yao ya kwanza mjini Paris. Mwandishi wa gazeti, Louis Leroy, aliwadhihaki kwa kutumia jina la picha moja ya Monet, na dhihaka hiyo ikawa ndilo jina lao hata leo: Waimpresionisti. Kosa walilotuhumiwa ni kwamba walichora mambo kama jicho linavyoyapokea kwa saa ile na katika mwanga ule, badala ya kuyachora kama mtu akumbukavyo kwamba ndivyo yanavyopaswa kuwa.

Kazi ya macho

Hapa ndipo askari anapopata faida yake. Chukua ua la pamba, linalojulikana sana katika mashamba ya Busia na Tororo. Linapochanua, petali zake huwa za rangi ya maziwa. Siku ya pili huwa zimegeuka za waridi. Anayesema kwamba ua la pamba ni jeupe ametazama asubuhi moja tu. Hali kadhalika, askari aliyesimama kwenye kizuizi cha barabara ya Malaba anajua kwamba lori jeupe huonekana la buluu jioni, na la manjano chini ya taa. Shahidi asiyejua hayo huandikisha maelezo yenye kupotosha. Sisemi kwamba picha ya maua itamkamata mfanya magendo. Nasema kwamba jicho, kama viungo vingine, hukua kwa mazoezi.

Basi ukipata picha ya namna hii, isogelee kwanza. Utaona madoa ya rangi tu, kana kwamba mtoto alikuwa akichezea brashi. Rudi nyuma hatua tatu, na madoa yatashikana yawe ua. Kisha tafuta vivuli. Waimpresionisti walijitahidi kuukwepa weusi mtupu, kwa hiyo ndani ya kivuli utakuta buluu, kijani au zambarau. Mwisho jiulize: mwanga unatoka upande gani? Mtoto wa miaka kumi anaweza kulijibu swali hilo, na atafurahi kuulizwa na baba yake.

Namna ya kuitundika

Picha ya asili hatuwezi kuinunua, lakini Jumba la Washington humruhusu mtu yeyote kuchukua nakala ya picha hiyo katika intaneti bila malipo. Mwenye duka la kupiga chapa ataitoa kwenye karatasi nzito. Anayetaka ua ambalo watoto wake wanalijua na achague alizeti za Monet za mwaka 1881, ambazo ziko New York. Mwenye chumba kidogo atafaa kwa picha ndogo za Manet: katika miezi yake ya mwisho, akiwa mgonjwa, alichora maua aliyoletewa na rafiki zake, yakiwa ndani ya vyombo vya kioo, hata akafariki tarehe 30 Aprili 1883. Na anayependelea kazi ya mkono wa Mganda na aende Nommo, jumba la sanaa la Kampala lililofunguliwa mwaka 1964.

Fremu ataitengeneza seremala wa jirani; mwambie atie kioo, kwa sababu ya vumbi na nzi. Usiitundike mbele ya mlango ambamo jua la mchana huingia, kwani jua hula rangi. Usiiweke juu ya jiko la makaa. Bandika vipande viwili vya mbao nyuma ya fremu, ili hewa ipite na unyevu wa ukuta usiifikie wakati wa masika. Kama ukuta ni wa udongo, msumari na uingie katika mti, usiingie katika udongo. Kimo chake kiwe cha macho ya mtu aliyeketi, maana wageni wako huketi. Na ipewe ukuta wake peke yake. Kalenda na ihamie kwingine.

Sasa turudi kwa ndugu yetu wa uhamisho. Hoja yake ina ukweli ndani yake, na hasa kwa watoto. Mtoto wa askari hubadilisha shule, lugha ya uwanjani na marafiki kila baba yake anapopokea barua. Kuta anazozikuta ni zile zile za serikali, na hakuna hata moja inayomjua. Picha moja iliyomfuata kutoka Buteba humwambia, usiku wa kwanza mahali pageni, kwamba yuko kwao. Fremu huingia katikati ya blanketi mbili, na haihitaji lori. Siku ya kuhama, na iwe kitu cha mwisho kufungwa. Na mkifika, iwe cha kwanza kufunguliwa.